Unga mweupe na utando wa kahawia kwenye mikanda ya sauti ya marehemu baba: nianzie wapi?

Mtoto wa Mwalimu ameandika:

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Naomba msaada, na mniwie radhi nikieleza kwa kirefu, maana naogopa kukosea.

Baba yangu alikuwa mwalimu na alipenda sana kurekodi. Kila mama yake alipokuja kukaa nasi, alimwekea maikrofoni mezani akamwacha aseme: hadithi, vitendawili, majina ya waliomzaa na waliowazaa hao, nyimbo za kubembeleza watoto. Bibi alifariki nikiwa na miaka sita. Baba naye ametutoka mwaka jana. Katika kupanga vitu vyake nimekuta sanduku la bati lenye rili saba, yaani magurudumu yaliyozungushiwa mkanda wa sauti wenye upana wa milimita 6.3, pamoja na kaseti kumi na moja. Mashine yake ya rili ipo, imefunikwa shuka, na haijawashwa kwa zaidi ya miaka 20.

Nilichokiona ni hiki. Rili nne zina mkanda ambao uso wake ni wa kahawia na mgongo wake ni mweusi tii. Rili mbili ni za kahawia pande zote. Rili moja inatoa harufu ya siki, na mkanda wake umejikunja kama jani lililokauka. Kwenye kaseti, tatu zina unga mweupe kwenye kingo za mkanda, unaouona ukichungulia kwenye kidirisha. Kaseti moja ina kitu cha kijivu chenye manyoya manyoya. Zilizobaki zinaonekana safi.

Sasa kosa langu. Nilishindwa kuvumilia. Niliwasha mashine nikaweka rili moja ya zile za mgongo mweusi. Kwa sekunde kama 15 sauti ilitoka, lakini imezibwa, kama mtu anayeongea amejifunika blanketi. Kisha ukaanza mlio mkali wa kukwaruza, mkanda ukapunguza mwendo, ukasimama. Nilipofungua nikakuta hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, imepakwa utando wa kahawia unaonata, na rola ya mpira ina uji mweusi kama lami. Nilizima, na sijagusa tena.

Katika zile sekunde 15 nilimsikia baba akitaja tarehe, halafu bibi akauliza, "Sasa inanisikia?" Mkanda ukagoma hapo hapo.

Nauliza: huo utando na huo unga ni kitu kimoja? Nikifuta, je, nafuta na sauti? Na ile rili niliyoijaribu, nimeshaiharibu?

Kibonyezo ameandika:

Pole kwa msiba, ndugu. Mimi kaseti yangu ilikuwa na uchafu hivyo hivyo. Nilichukua pamba, nikailowesha spiriti, nikaivuta taratibu juu ya mkanda kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ikacheza vizuri tu. Jaribu kwanza kwenye kaseti, ukiona imekubali hamia kwenye rili.

Dada Kaseti ameandika:

Mtoto wa Mwalimu, tafadhali usifanye hivyo bado. Subiri.

Nakwambia kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa na rili ya harusi ya wazazi wangu, nayo ya mgongo mweusi. Ilinata kidogo, nikajisemea labda imekaa muda mrefu bila kuzungushwa, ngoja niipeleke mbele kwa kasi kisha niirudishe, ilegee. Ilipokuwa ikienda kasi nilisikia sauti kama ya kubandua plasta kwenye kidonda. Nilipoisimamisha, sehemu ya mkanda ilikuwa imebaki plastiki tupu. Ukiiinua kwenye taa unaona upande wa pili. Lile tabaka la kahawia, ambalo ndilo sauti yenyewe, lilikuwa limebandukia mgongoni mwa mzunguko uliokuwa chini yake.

Ilikuwa hotuba ya babu. Hakuna nakala nyingine. Kama ningesubiri wiki moja tu nikauliza, ningekuwa nayo leo.

Kwa hiyo usiupeleke mbele wala usiurudishe nyuma. Uache ulivyo hadi Fundi Rili apite hapa.

Fundi Rili ameandika:

Mtoto wa Mwalimu, pole sana kwa kumpoteza mzazi. Nimefanya kazi ya kuhamisha mikanda ya zamani kwa miaka 27, na nitakujibu kwa mpangilio wa hatari, si kwa mpangilio wa maswali yako.

Kwanza tulia. Sekunde 15 hazijaua mkanda. Ulisimama mahali pa kusimama. Wengi husikia ule mlio wakaongeza nguvu.

Unachoeleza si kitu kimoja. Ni vitu vinne, labda vitano, na kila kimoja kina dawa yake. Dawa ya kimoja ni sumu ya kingine. Ndiyo maana ushauri wa ndugu yetu Kibonyezo, ambao najua ameutoa kwa moyo mwema, sikubaliani nao. Spiriti ni ya kusafishia mashine. Juu ya mkanda ambao gundi yake imeshadhoofika, spiriti inaweza kulainisha hiyo gundi na kuondoka nayo, na ikiondoka gundi, sauti imeondoka. Kaseti yake ilipona kwa sababu huenda uchafu wake ulikuwa vumbi.

Tuanze na zile nne za mgongo mweusi, kwa kuwa ndizo zitakazokupa kazi. Mkanda wa sauti ni plastiki nyembamba iliyopakwa chembe za oksidi ya chuma. Chembe hizo hazishiki zenyewe, zimeshikwa na gundi. Miaka ya 1970 na 1980 viwanda vingi vilitumia gundi ya aina ya poliurethani, na vikaongeza tabaka jeusi la kaboni mgongoni ili mkanda ujikunje vizuri na usijichaji umeme. Wakati huo ilionekana ni maendeleo makubwa. Gundi hiyo, kumbe, inafyonza unyevu wa hewani. Maji yanaikata minyororo yake mirefu kuwa vipande vifupi, na vipande hivyo ndivyo vinavyonata. Kitaalamu huitwa hidrolisisi. Aina zinazojulikana sana kwa tatizo hili ni Ampex 406 na 456, na Scotch 226 na 227, lakini si hizo tu. Kama maandishi ya sanduku yamefutika, mgongo mweusi pamoja na mlio pamoja na utando wa kahawia vinatosha kukuambia unashughulika na nini.

Utando ulioukuta kwenye hedi, basi, ni gundi iliyooza ikiwa imebeba oksidi. Ndiyo, ndani yake kuna chembe za sauti. Usiogope kuufuta kwenye hedi, kwa kuwa ulishatoka na haurudi mkandani. Ogopa kuufuta kwenye mkanda.

Dawa yake ni joto. Najua inatisha mtu kusikia "weka mkanda wa bibi yako kwenye joto", lakini njia hii imetumika kwa miongo, na Ampex wenyewe, waliotengeneza mikanda hiyo, walipewa hataza yake Marekani mwaka 1993. Joto ni nyuzi 54 za Selsiasi, lisilopanda wala kushuka zaidi ya nyuzi mbili. Kwa mkanda wa milimita 6.3, mimi huacha saa 8, nikiigeuza rili kila baada ya saa mbili. Mkanda ukiwa umeathirika sana, saa 12. Kisha nauacha upoe ndani ya mashine ileile ya joto, ikiwa imezimwa, kwa saa nyingine 8 au zaidi, kabla ya kuugusa. Sumaku haifutiki kwa joto hilo. Oksidi ya chuma inahitaji mamia ya nyuzi ndipo isahau ilichobeba.

Usitumie oveni ya jikoni. Kidude chake cha kupima joto kinapepesuka, kinapanda hadi 70 kikishuka kinafika 45, na oveni ya gesi inatoa unyevu juu yake. Maikrowevu usiitaje kabisa. Kinachofaa ni inkubeta ya maabara, yaani kabati linaloshika joto lisilobadilika, au ile mashine ya kukaushia matunda yenye trei za duara ambayo inapuliza hewa, lakini uweke kipimajoto chako mwenyewe ndani na uiangalie kwa saa nzima ikiwa tupu kabla ya kumwamini mtengenezaji.

Joto haliponyi. Linautuliza mkanda kwa wiki kadhaa, pengine miezi miwili, kisha unaanza kunata tena. Unaweza kurudia, lakini panga kazi yako kana kwamba nafasi ni moja. Usiweke joto rili nne kwa pamoja kama huna siku za kuzirekodi zote mara moja.

Sasa ile ya harufu ya siki. Hiyo USIIWEKE KWENYE JOTO. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa makusudi. Hiyo ni plastiki ya asetati, ya zamani zaidi, na harufu ni asidi inayotoka plastiki ikivunjika. Joto linaharakisha. Kuna njia moja ya kuhakikisha: ukiishika rili dhidi ya taa, asetati inapitisha mwanga kwenye kingo za mizunguko, wakati poliesta, plastiki ya mikanda ya baadaye, inabaki giza. Itenge na zile nyingine leo hii, maana mvuke wake unaambukiza. Mara nyingi mikanda ya asetati inacheza vizuri kuliko sura yake. Inakatika, lakini inakatika safi kama tambi kavu, haivutiki, na ukiunganisha ncha hupotezi hata herufi moja. Tumia utepe maalumu wa kuungia mikanda. Ule wa kufungia karatasi gundi yake inavuja ikagandisha mizunguko, na huo ndio uchafu wa tano nilioutaja.

Unga mweupe kwenye kaseti. Hapa lazima utofautishe vitu viwili. Mkanda una vilainishi ndani yake, aina ya mafuta mazito, na vikikaa miaka vinaweza kutoka juu na kuganda kuwa chembe nyeupe. Zinafuata kingo za mkanda kwa usawa, ni kavu, na ukizimulika kwa kioo cha kukuzia zinang'aa kidogo. Ukungu ni tofauti. Una nyuzinyuzi, unaanza kama doa duara, unasambaa bila mpango, na unanuka chumba kilichofungwa. Kaseti yako ya kijivu yenye manyoya ni ukungu, sina shaka. Zile tatu nyeupe sijui hadi uzimulike, na hadi utakapojua zichukulie zote kama ukungu.

Ukungu ni hatari kwako kabla ya kuwa hatari kwa kaseti. Barakoa iwe N95, glavu, na usiufungulie chumbani unakolala. Usiicheze, kwa kuwa mashine itasambaza mbegu zake kwenye kaseti zote nyingine. Itie kwenye kisanduku chenye vifuko vya jeli ya silika, uiache ikauke kwa wiki kadhaa. Ukungu ukikauka unakuwa vumbi na unaacha kushika. Hapo ndipo unaondolewa, nje, kwa brashi laini ukielekea kwenye mashine ya kufyonza yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa chembe ndogo sana.

Mwisho, swali langu kwako, na nalijali kuliko yote. Ule uji mweusi kwenye rola: una uhakika ulitoka mkandani? Umesema mashine haikuwashwa kwa miaka 20. Ikiwa imezimwa na baridi, bonyeza rola kwa ncha ya kijiti cha mbao. Niambie inarudi au inabaki na shimo.

Mtoto wa Mwalimu ameandika:

Shikamoo, Fundi. Nimesoma mara tatu, nikaenda.

Rola imebaki na shimo. Kijiti kilitoka na uzi mweusi. Na mkanda unaoendesha gurudumu kule ndani, nilipofungua kifuniko, umekatika na umegandia kama kitu kilichoyeyuka.

Nimeimulika ile rili ya siki: inapitisha mwanga, rangi ya chai. Nimeitenga.

Kaseti nyeupe nimezitazama kwa kioo nikiwa na barakoa. Mbili zina chembe zinazong'aa, zimejipanga kingoni sawasawa. Ya tatu sina uhakika, kuna sehemu inaonekana kama nyuzi. Nimeiweka pamoja na ile ya kijivu.

Dada Kaseti, pole sana kwa hotuba ya babu. Asante kwa kunizuia. Nilikuwa nimeshafikiria kuupeleka mbele.

Fundi Rili ameandika:

Marahaba. Umefanya vizuri kuweka ya tatu upande wa mashaka.

Sasa unaona. Kahawia ilitoka mkandani, nyeusi ilitoka kwenye mashine. Mpira wa rola na wa mikanda ya kuendeshea nao unaoza, na ungeweka joto rili zako kwa uangalifu wote kisha ukazicheza juu ya lami, ungepaka lami hiyo mita mia tano. Nimeona kazi ya mtu ikiharibika hivyo: mkanda mzima una alama nyeusi kila sentimita chache, kwa sababu kila rola ilipozunguka ilibandika.

Kwa hiyo mashine kwanza. Rola hiyo haisafishiki, inabadilishwa au inapelekwa kuvishwa mpira mpya. Mkanda wa ndani vilevile, na ule uji wa zamani uufute wote kwenye magurudumu kwa alkoholi ya isopropili asilimia 99 kabla ya kufunga mpya. Hedi na vile vyuma vinavyoongoza mkanda vifute kwa alkoholi hiyohiyo na vijiti vya pamba mpaka kijiti kitoke cheupe. Rola mpya usiipake alkoholi kali, ukitaka kuisafisha tumia maji yenye sabuni kidogo. Kisha ondoa sumaku iliyobaki kwenye hedi kwa kifaa chake, mikanda ikiwa mbali.

Jaribu mashine kwa mkanda usio na thamani. Mkanda wa mtihani ukimaliza dakika 30 na hedi bado safi, ndipo uniambie tuendelee. Wakati wa kazi yenyewe, simama na ufute hedi kila dakika 15 hata kama husikii tofauti. Herufi "s" zikianza kufifia, umeshachelewa kidogo.

Zile kaseti mbili za chembe zinazong'aa: ganda likiwa na skrubu, lifungue, toa mkanda na vigurudumu vyake, uhamishie kwenye ganda jipya la skrubu lenye kisponji kizima, kile kinachokandamiza mkanda kwenye hedi. Kisponji cha zamani hung'oka gundi, na hilo peke yake linatosha kuifanya kaseti isikike kama imezibwa. Kisha uzungushe polepole kwa mkono, mkanda ukipita katikati ya kitambaa laini kisichofumwa, kikavu, na uwe unahamisha sehemu safi kila unapoona weupe. Hakuna maji wala spiriti. Kuwa mpole zaidi ikiwa ni kaseti ya dakika 120. Mkanda wake una unene wa mikroni 9 tu, nusu ya ule wa dakika 60.

Kibonyezo, usinielewe vibaya ndugu yangu. Kama una kaseti nyingine, zimulike kwanza.

Kibonyezo ameandika:

Nimekuelewa, Fundi. Nimeichukua ile kaseti niliyoifuta nikaisikiliza kwa makini na vipokea sauti vya masikioni. Upande wa kwanza, mahali nilipoanzia kufuta nikiwa nimebonyeza sana, kuna sehemu sauti inazama na kurudi. Nilidhani ilirekodiwa hivyo. Mtoto wa Mwalimu, nasikitika kwa ushauri ule.

Mtoto wa Mwalimu ameandika:

*(wiki saba baadaye)*

Shikamoo, Fundi, na salamu kwenu wote. Narudi na majibu, kwa sababu huwa nasoma maswali ya watu kisha hawarudi kusema ilikuwaje.

Rola ilivishwa mpira mpya. Mkanda wa kuendeshea nimefunga mwenyewe. Mashine ilicheza mkanda wa mtihani dakika 40, kijiti cha pamba kikatoka cheupe.

Rafiki yangu anayefanya kazi maabara aliniruhusu kutumia inkubeta isiyokuwa na kazi mwishoni mwa juma. Tuliiacha tupu usiku kucha na kipimajoto ndani: ilikaa kati ya 53.5 na 54.5. Niliweka rili moja tu, ile niliyoijaribu. Saa 8, nikigeuza kila baada ya saa mbili kama ulivyosema, kisha ikapoa hadi kesho yake. Niliibeba nyumbani kama mtu anayebeba yai.

Nilipoibonyeza icheze, haikulia. Ilipita kimya. Nilirekodi kwenye kompyuta kwa kilohezi 96 na biti 24, nikageuza skrubu ya pembe ya hedi kidogo kidogo hadi "s" za bibi zikasimama. Nilisimama kufuta kila dakika 15. Vijiti vilitoka na rangi ya kahawia hafifu, si ule utando. Rili ni ya sentimita 18, mwendo ni sentimita 9.5 kwa sekunde, kwa hiyo upande mmoja unakaribia saa moja na nusu. Nilipofika katikati nikaanza kusikia mtu anaongea kinyumenyume kwa mbali, nikaogopa, kisha nikaelewa kwamba ni upande wa pili wa mkanda unaovuja. Baba aligeuza rili akarekodi tena.

Rili tatu nyingine za mgongo mweusi nimezifanya moja moja, kila mwisho wa juma moja. Ya tatu ilihitaji saa 12, na hata hivyo kuna dakika kama mbili karibu na mwisho ambazo zilikuwa zimeshikana. Niliukunjua mkanda kwa mkono, polepole sana, ila vipande viwili vya urefu wa ukucha vilibanduka. Maneno mawili au matatu yamepotea. Nimeyaandika mahali yalipokuwa, na shangazi anasema anaujua wimbo huo, atayajaza kwa kalamu.

Rili mbili za kahawia hazikuhitaji chochote.

Ya siki ilikatika mara tano. Niliunganisha mara tano. Fundi, ulisema kweli, hakuna herufi iliyopotea. Na kumbe ndiyo ya zamani kuliko zote: ni babu, ambaye sikuwahi kumwona wala kusikia sauti yake. Anahesabu moja mpaka kumi kujaribu maikrofoni, na akifika saba anakohoa. Nimeirudia sehemu hiyo sijui mara ngapi, kwenye kompyuta, si kwenye mkanda.

Kaseti mbili za chembe zimepona. Mbili za ukungu bado ziko na jeli ya silika, sina haraka nazo.

Sasa swali la mwisho. Kwa kuwa nimeshanakili, rili zenyewe nizifanyeje? Ndugu yangu mmoja anasema zitupwe, kwa kuwa zitanata tena.

Fundi Rili ameandika:

Zisitupwe. Kuna siku kutakuwa na hedi bora kuliko yako na mtu mwenye masikio mazuri kuliko yangu, na faili uliyonayo haitampa kitu ambacho hedi yako haikukisoma.

Zicheze kwa mwendo wa kawaida mpaka mwisho, uziache hivyohivyo, mkia, yaani mwisho wa rekodi, ukiwa nje, usizirudishe kwa kasi. Mkunjo wa mwendo wa kawaida ni laini na unashika sawasawa. Pia mwangwi ambao mzunguko mmoja wa mkanda huuchapa kwenye jirani yake utakuja baada ya neno badala ya kabla yake, na sikio haliusumbukii sana. Zisimamishe wima kama vitabu, kwenye mifuko yao, penye nyuzi 18 hadi 20 na unyevu wa asilimia 30 hadi 40 kama unaweza kuupata. Ya babu ikae peke yake, kwenye kasha la kadibodi linalopumua, si la plastiki wala bati.

Faili weka nakala tatu, moja isiwe nyumba moja na nyingine. Andika kwenye kila kasha joto uliloweka, saa ngapi na tarehe, ili atakayefungua baada yako ajue mkanda umepitia nini.

Zile kaseti mbili za ukungu zikikauka nistue. Ya kijivu tutaifungua pamoja, hatua kwa hatua, na uwe na ganda jipya mkononi kabla ya kuanza.

Dada Kaseti ameandika:

Mtoto wa Mwalimu, nimesoma hapo kwenye kukohoa nikasimama kidogo.

Fundi, ile rili yangu iliyobanduka sikuitupa. Nilisimama katikati, kwa hiyo nusu ya ndani sikuigusa. Ina mgongo mweusi, imeshikana. Je, nayo inaweza kwenda kwenye joto?

Fundi Rili ameandika:

Inaweza, dada. Usiizungushe hata kidogo. Iache kwenye rili yake kama ilivyo, ipige picha kwa karibu ubavuni na pale ilipobandukia, uzilete hapa. Kwa hali hiyo tutaanza na saa 12.